Waya Uliofungwa Kwenye Uzio wa Makaburi

Mshale wa kipimo haukunyanyuka, na hapo ndipo Verlin Stamper alipopaswa kuacha.

Alibonyeza tena. Redio ilikuwa inatuma, taa yake nyekundu inawaka, feni inavuma, lakini mshale ulilala kwenye sifuri. Mtu asiyejua angefurahi. Kipimo kile huonyesha nguvu inayogoma kwenda angani na kurudi redioni. Mshale ukilala, maana yake hakuna kinachorudi, antena imemeza yote. Lakini sisi tunaocheza na redio hizi tunajua kwamba hakuna waya unaomeza yote. Daima kuna kidogo kinachorudi. Verlin alibadilisha masafa, sifuri. Akabadilisha tena, sifuri. Akatoka nje na koleo, akakata waya kipande cha urefu wa mkono, makusudi, ili auharibu. Akarudi, akabonyeza.

Sifuri.

"Hii siyo kawaida," alisema peke yake.

Chumba kilinuka udongo mbichi, udongo wa shimo lililochimbwa sasa hivi, na dirisha lilikuwa limefungwa.

Sasa nieleze ilivyofika hapo, na nieleze bila kujificha, kwa sababu mkono wangu umo.

Verlin alikuwa na miaka sitini na tatu, mstaafu wa kiwanda cha mbao, akiishi na mkewe Oleta kwenye nyumba ya mwisho kabisa juu ya bonde letu, huku milimani mashariki mwa Kentucky. Walizaa mtoto mmoja tu, Tressa. Miaka kumi na moja nyuma, Tressa alitaka kuolewa na mtu aliyekuwa ameachana na mke wake, Verlin akakataa, na binti akaondoka na begi moja. Hakurudi tena. Siku ile mlangoni walikuwa wawili tu, baba na binti. Oleta alikuwa kanisani akifanya usafi. Aliporudi, Verlin alimwambia, "Amekwenda. Amechagua mwenyewe." Basi. Tangu hapo, kila Jumapili wakati wa maombi, Oleta alisimama akaomba kitu kimoja kwa sauti mbele yetu sote: Tressa arudi nyumbani kabla yeye hajazikwa. Na kila Jumapili Verlin alitazama viatu vyake.

Redio aliianza baada ya kustaafu. Alisoma, akafanya mtihani, akapewa jina lake la hewani, zile herufi na tarakimu ambazo serikali humpa kila mmoja wetu na ambazo hakuna mwingine duniani anayeruhusiwa kuzitumia. Hiyo ndiyo sheria yetu ya kwanza. Ukiingia hewani, unajitaja. Asiyejitaja hatumjibu.

Mwezi wa nne akaamua kujenga antena ya waya mmoja unaolishwa umeme kwenye ncha yake. Si kazi kubwa. Unachukua pete nyeusi ya chuma, unaizungushia waya wa shaba, mizunguko miwili upande huu na kumi na minne upande ule, unaifungia ndani ya kopo ili mvua isiipate. Kopo la Verlin lilikuwa la siagi. Kutoka kwenye kopo unapandisha waya mita ishirini mpaka juu mtini, na kutoka kwenye kopo hilo hilo unavuta kebo mpaka redioni. Mti ulikuwepo, mwaloni mkubwa kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Mimi nilikwenda kumsaidia. Alirusha chubwi lenye uzi kwa manati ili lipite juu ya tawi, na la kwanza likatua kwenye bati la banda la kuku.

"Umelenga mti au umelenga kuku?" nikamwuliza.

"Nyamaza, Hobert. Mti unasogea."

"Mti umesimama hapo miaka mia mbili. Macho yako ndiyo yanayosogea."

Oleta akatoa kichwa dirishani. "Mkinivunjia kioo, leo mtalala bandani na hao kuku, wote wawili!"

Tulicheka. Nakumbuka tulicheka sana siku ile.

Lakini antena ya namna hii ina ugonjwa wake. Nguvu inayoingia kwenye ncha lazima ipate mahali pa kukanyaga. Usipoipa ardhi, inarudi kwa kufuata mgongo wa kebo mpaka ndani ya nyumba. Verlin aliposogeza midomo kwenye kipaza sauti, kikamuuma kwa umeme. Naye Oleta, ambaye huvaa vifaa vya kusikia masikio yote mawili, akatoka jikoni na unga mikononi.

"Verlin! Ukianza na hao watu wako, mimi kichwani nasikia nyuki. Mzinga mzima!"

"Nitarekebisha, mpenzi."

"Rekebisha leo. Au niwatoe hao nyuki kwa mwiko."

Verlin akaniuliza, nami nikamwambia, "Inataka ardhi. Vuta waya kutoka kwenye kopo, ufunge kwenye chuma chochote kilichozama vizuri."

"Chochote?"

"Chochote."

Nilijua anachofikiri. Hatua kumi kutoka kwenye ule mwaloni kuna makaburi ya Wapruett, ukoo uliokuwa na shamba lile kabla ya Verlin kulinunua, ukoo uliokwisha. Mawe tisa, na pembeni tuta la kumi lisilo na jiwe. Wazee wetu walisema aliyelala pale alizikwa bila mhubiri, na zaidi ya hapo hawakusema. Uzio wa chuma wa zamani umeyazunguka yote, nguzo zake zimeshuka chini kuliko urefu wa mtu. Kila mwezi wa tano, siku tunapopamba makaburi, Oleta huenda pale na jembe na maua, ingawa si ndugu zake. Shamba zima halina chuma kingine kilichozama. Nilijua. Nilimwona Verlin akiutazama ule uzio, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka kuona kama utafanya kazi. Mungu anisamehe. Hiyo ndiyo dhambi yangu katika habari hii, na si ndogo.

Alifunga Jumatatu, Oleta alipokwenda mjini kununua vitu. Alichagua nguzo iliyo imara kuliko zote, ile ya pembeni, kwenye lile tuta lisilo na jina. Akaufukia waya vidole vitatu chini ya majani ili mkewe asiuone. Nyuki wakanyamaza. Kipaza sauti hakikuuma tena. Mshale ukalala.

Jioni hiyo hiyo, jua likiwa limegusa mgongo wa mlima, alikaa kusikiliza Morse, ile lugha yetu ya mlio mfupi na mlio mrefu. Saa kama hizo masafa hujaa watu, mmoja juu ya mwingine, kama kanisa kabla ibada haijaanza. Siku hiyo palikuwa kimya. Halafu mlio mmoja ukaingia, karibu, safi, bila kupanda wala kushuka, kana kwamba mtumaji amekaa chumba cha pili.

Kila mtu ana mkono wake katika Morse, kama mwandiko. Mkono huu uliburuta. Mlio wa mwisho wa kila herufi ulivutwa, ukavutwa, kama mtu mwenye mguu mbovu anayepanda ngazi.

Ulituma VERLIN.

Akajibu kwa jina lake la hewani, akauliza, wewe nani?

Haukujitaja. Ulituma: MUULIZE OLETA BARUA.

Hapo sheria ilikuwa wazi. Asiyejitaja hajibiwi, unazima, unakwenda kula. Mzee mzima, mwanachama wa klabu yetu ya redio, mwenye cheti ukutani. Lakini maneno yale yalimgusa mahali, naye akabonyeza: BARUA GANI?

Hilo ndilo kosa lake. Mimi nilimwonyesha mlango, lakini kuingia aliingia mwenyewe.

Jumamosi tulikutana kwenye mgahawa, klabu yetu yote, kwa chai ya asubuhi. Verlin alikuja kukaa mbele yangu na hakugusa mayai yake.

"Hobert, ni wewe?"

"Mimi nini?"

"Unaingia kwenye masafa yangu jioni. Unaigiza mkono wa mtu mwingine."

"Verlin, mimi mkono wangu mwenyewe unanishinda, nitaigiza wa nani?"

Wenzetu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Unajua mambo ya nyumba yangu," akasema polepole. "Nani mwingine anayajua? Mke wako anaongea na mke wangu kila siku."

"Mambo gani?"

Akanitazama muda mrefu, macho mekundu ya mtu asiyelala. "Wewe unajua," akasema, akaondoka, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini hakunipa mkono.

Sasa upande wa Oleta, maana haya aliyasema mwenyewe baadaye, mbele yetu. Alikuwa jikoni akikanda unga wa biskuti, jioni moja, Verlin akiwa chumba cha nyuma na redio yake. Nyuki hawakuwepo. Badala yake ilikuja sauti ya mwanamume, ya chini, ndani kabisa ya sikio la kushoto, iliyosema taratibu kama mtu anayesoma tangazo.

"Muulize alimwambia nini mlangoni."

Aligeuka. Hapakuwa na mtu. Sauti ikarudia, sikio la kulia sasa. Akavichomoa vifaa vyote viwili kwa vidole vyenye unga, akavitumbukiza kwenye kibakuli cha sukari, akafunika. Bila vile vifaa Oleta hasikii hata mlango ukigongwa. Lakini alisimama pale, mikono mitupu, masikio matupu, na akasikia, ndogo, iliyozibwa, kutoka chini ya sukari:

"Muulize. Yeye anajua kwa nini harudi."

Jioni ile, Oleta akiwa amevirudisha vifaa masikioni, walikula maharage na mkate wa mahindi.

"Oleta," Verlin akaanza. "Uliwahi kupokea barua usiyonionyesha?"

Kijiko cha Oleta kikasimama hewani. "Nani amekwambia habari za barua?"

"Nimeuliza tu."

"Na mimi niulize tu. Ulimwambia nini Tressa pale mlangoni?"

"Nani amekwambia habari za mlangoni?"

Walitazamana, watu waliolala kitanda kimoja miaka thelathini na minne, kila mmoja akijiuliza mwenzake anaongea na nani kwa siri. Usiku ule Oleta alihamia chumba cha zamani cha Tressa na kufunga mlango kwa ndani.

Huku kwetu watu husema pepo mchafu. Wengine wangesema jini. Mimi sikusoma sana, sitagombania jina. Ninachojua ni kwamba kitu kile hakikurusha sahani wala kutikisa vitanda. Kilifanya kazi ya shetani ya tangu mwanzo, kuweka ukuta kati ya mume na mke, na kiliuweka tofali moja moja, kila jioni, wiki tatu mfululizo. Verlin alikaa redioni tangu jua lianze kushuka mpaka giza liingie, akiuliza, akijibiwa nusu, akiuliza tena. Mchana alipekua droo za mkewe. Oleta aliiona nguo yake moja imekunjwa vibaya, akajua. Naye akaanza kusimama nyuma ya mlango wa chumba cha redio, akisikiliza ile milio asiyoielewa, akiamini kwamba upande wa pili kuna mwanamke.

Harufu ya udongo ilitoka chumba cha nyuma ikaingia ukumbini, kisha jikoni. Oleta aliosha sakafu kwa siki mara mbili kwa siku. Haikuondoka. Aliikuta ndani ya mkate.

Siku ya kumi na tisa, Verlin akiwa amekwenda posta, Oleta alitoka nje kuifuata kebo aone inakwenda wapi. Akalifikia kopo la siagi chini ya mwaloni, na kwenye kopo akaona waya wa pili, ukiingia ardhini. Akaushika, akauvuta, na majani yakafunguka mbele yake kama mshono, hatua kwa hatua, akaufuata ameinama, waya ukimpeleka mahali ambapo miguu yake ilikuwa inapajua tangu miaka mingi, mpaka kichwa chake kikagonga chuma cha uzio, na alipoinua macho akaona kishikizo cha shaba kimebana nguzo ya pembeni, na chini ya nguzo lile tuta lisilo na jiwe, ambalo mwaka uliopita alilipanda maua kwa mikono yake, limebonyea katikati, laini, lenye joto, kama godoro ambalo mtu ameamka juu yake sasa hivi.

Alinipigia simu akinong'ona.

"Ndugu Hobert, njoo. Usimpigie Verlin. Njoo na Dada Arvella."

"Kuna nini?"

"Njoo tu. Na uniambie ukweli ukifika. Wewe ulijua?"

Nilikata simu, nikawasha gari.

Dada Arvella Crase ana miaka themanini na minne. Jina lake la hewani alilipata akiwa msichana, na kanisani kwetu ndiye anayeitwa mtu akishikwa na kitu ambacho daktari hakioni. Ni mwembamba, anatembea na fimbo, na wanaume hana subira nao. Tulifika saa kumi na moja jioni. Verlin alikuwa amerudi, amesimama barazani, mikono mifukoni.

"Waya wa ardhi umeufunga wapi?" lilikuwa neno la kwanza la Dada Arvella, hata kabla ya salamu.

"Dada Arvella, karibu ndani, kuna kahawa..."

"Nimekuuliza, Ndugu Verlin."

"Kwenye uzio."

"Uzio wa ng'ombe au uzio wa maiti?"

Verlin akatazama viatu vyake.

"Na wewe, Hobert, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, Dada."

"Nilidhani. Nyie hamjawahi kukosea mmoja mmoja." Akapanda ngazi, akanusa hewa ya mlangoni, na uso wake ukabadilika. "Mungu wangu. Kimeshakaa."

Nilisema nikakate waya mara moja. Akanizuia kwa fimbo. "Ukikata sasa, kilicho ndani kitabaki ndani, na njia ya kutokea umeiziba. Kwanza kijitaje."

Tukaingia chumba cha nyuma sote wanne. Dada Arvella akakaa kwenye kiti cha Verlin, akatoa kichupa cha mafuta ya zeituni, akakiweka juu ya redio, akaanza kubonyeza. Mkono wake ni mzuri mpaka leo, kama mashine ya kushona. Alituma jina lake. Kisha: KWA JINA LA YESU, WEWE NANI?

Milio ikaja. Nilichukua kalamu, nikaandika herufi moja moja, na ilipofika ya nne nikaona kwamba nilikuwa naandika jina la hewani la Verlin.

"Anadanganya," nikanong'ona.

"Nyamaza." Akauliza mara ya pili. Likaja jina lile lile. Akauliza mara ya tatu, na mara hii Verlin, aliyekuwa ameegemea ukuta, akateremka polepole mpaka akakaa sakafuni, kwa maana mkono ule haukuwa unaburuta tena. Ulikuwa mkono wake mwenyewe, mwepesi, wenye haraka, wenye ile kasoro ambayo klabuni tumemtania nayo miaka yote, ya kuikata herufi ya mwisho kabla haijaisha, na hakuna mtu chini ya mbingu angeweza kusema kwamba aliyekuwa anatuma si Verlin Stamper, ila tulikuwa tunamwona pale chini, mikono juu ya magoti.

"Kimekujifunza wewe," Dada Arvella akasema kwa sauti ya chini. "Wiki tatu umekiongelesha, kimekujifunza. Sikilizeni. Hiki kitu kinakula mnachofichana. Ambianeni. Sasa hivi, mbele yangu. Oleta, anza wewe."

Oleta alikuwa mlangoni, amejishika kwenye fremu. "Ilikuja barua," akasema. "Miaka minne sasa. Kwa jina lako, Verlin. Niliifungua. Tressa aliandika, 'Baba, ukisema nije, nitakuja. Usipojibu, nitakuwa nimepata jibu.' Na namba ya simu. Niliogopa. Niliogopa utasema hapana, na mimi nitaomba nini tena Jumapili? Nikasema nisubiri moyo wako ulainike. Nikasubiri mwezi, mwaka, halafu nikaona aibu. Imo ndani ya mto wangu. Naomba unisamehe."

Redio iliguna. Taa ya dari iliwaka, ingawa swichi ilikuwa imezimwa.

"Verlin," akasema Dada Arvella.

"Aliondoka mwenyewe."

"Verlin!"

Mzee yule alifunika uso kwa mikono yake mikubwa ya kiwandani, na kutoka nyuma ya mikono yale maneno yakaanza kutoka, moja, kisha jingine, huku redio ikipanda, ikiguna, ikikoroma, huku harufu ya udongo ikijaa mpaka tukawa tunaila, huku Oleta ameshika masikio yake na mimi nimeshika Zaburi ya pekee ninayoijua kwa moyo na hata hiyo imenipotea katikati, akasema kwamba Tressa hakuondoka mwenyewe, kwamba alilia, kwamba alimshika shati, na kwamba yeye, baba yake, aliibandua mikono ile kutoka kwenye shati na kumwambia, "Ukivuka kizingiti hiki umekufa. Usije hata kunizika."

Redio ikanyamaza.

Si kwamba ilizimika. Ilinyamaza, kisha taratibu, mmoja mmoja, wale watu wa kila jioni wakarudi: mtu wa Ohio akimwita mtu wa Texas, mwingine akilalamika kuhusu mvua. Mshale wa kipimo ulikuwa umesogea kidogo kutoka sifuri.

Dada Arvella akapaka mafuta miimo ya milango, redio, na masikio ya Oleta. Verlin alikwenda mwenyewe na koleo, akafungua kile kishikizo, akang'oa waya wote. Mimi nilibeba udongo kwa toroli nikaliinua lile tuta, na Dada Arvella akasimama juu yake na fimbo yake, akamwombea aliyelala humo maombi ambayo hakuombewa siku yake. Tuliporudi ndani, harufu pekee iliyokuwepo ni ya maharage yaliyoungua jikoni. Oleta alicheka, akilia. Verlin akamshika bega, naye hakuutoa ule mkono.

"Pigeni simu," Dada Arvella akasema akifunga kichupa chake. "Leo. Msilale na hiyo namba ndani."

Oleta akauchana mto kwa kisu. Akabonyeza namba, akaweka simu mezani kwa spika ili sote tusikie. Iliita mara tano.

"Haloo?"

"Tressa," Oleta akasema. "Mwanangu. Ni mama."

Upande wa pili ikasikika pumzi. "Mama? Mama! Umekubali kuongea na mimi? Baba aliniambia hutaki."

Oleta akamtazama Verlin. Verlin akatikisa kichwa. Akainamia simu.

"Tressa. Ni mimi. Ni baba."

"Nani?"

"Baba yako."

"Hapana," sauti ikasema, na ikawa baridi. "Baba yangu nimeongea naye jana. Ananipigia kila jioni, wiki ya tatu sasa. Nimeshapakia gari, ameniambia nije Jumapili. Mama, huyo ni nani hapo na wewe?"

"Huyu ndiye baba yako, Tressa! Huyu hapa, nimemshika!"

"Aliniambia utasema hivyo."

Dada Arvella alikuwa amekaa kitako, mkono kifuani. Mimi nilikuwa natazama dirisha la nyuma, kule mteremkoni, ingawa sikutaka.

"Basi kama ni wewe," Tressa akasema, "niambie uliniambia nini siku ile mlangoni. Tulikuwa wawili tu."

Jasho lilikuwa linamtiririka Verlin mpaka kwenye ndevu. Aliyasema. Aliyasema yote kama yalivyokuwa, neno kwa neno, kwa mara ya pili siku moja: kizingiti, kufa, kuzikwa. Alipomaliza tulisikia injini ya gari ikiwa imewashwa upande wa pili, na binti akilia polepole.

"Na yeye aliyasema hivyo hivyo," akasema. "Ila yeye aliomba msamaha kwanza."